Wanaolilia Tope

Mwambie mtu wa Walungu kwamba kuna watu waliovuka bahari ili waje kuendesha gari kwenye tope, atauliza walilipwa kiasi gani. Ukimjibu kwamba wao ndio waliolipa ada, mazungumzo yamekwisha. Kwetu tope halina kiingilio. Barabara itokayo Bukavu, mashariki mwa Kongo, ikapita Nyantende na Mugogo hadi Walungu, kisha ikajikokota kuelekea Burhale, Mwenga na Kamituga kwenye dhahabu, imefundisha madereva wengi kuliko chuo chochote ninachokijua. Mvua zetu huanza Septemba na kuaga Mei. Fuso likizama hadi ekseli, mizigo hushushwa kwa mgongo, vijana hukata migomba na kuitandika chini ya matairi, abiria huvua viatu wakasukuma, na akina mama waendao soko la Mugogo hupita kando na mizigo yao bila hata kugeuza shingo. Hakuna anayepiga makofi.

Ndiyo maana niliposema kwamba likizo ile nataka kulipeleka RAV4 letu hadi pwani ya Kenya, nipite sehemu za njia ya zamani ya mbio za magari za Safari Rally kwa gari langu mwenyewe, mama watoto aliniuliza swali moja tu: "Hii ya hapa haijakutosha?"

Ilikuwa Agosti 2024. Naitaja tarehe kwa sababu miezi sita baadaye, Februari 2025, Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na habari ya mtu kuondoka nyumbani kwa starehe zake, akiwa na hakika ya kurudi, sasa inasomeka kama jambo la enzi nyingine.

Kuhusu gari lenyewe, kuna jambo ambalo msomaji wa Dar au Mombasa huenda halijui. Magari mengi ya Bukavu yametoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo usukani uko kulia, na huku Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva anakaa kando ya mtaro. Ukitaka kulipita lori, wewe mwenyewe huoni kitu, aliyekaa kushoto ndiye anayetoa kichwa dirishani na kutoa amri: "Ngoja. Ngoja, pikipiki. Sasa pita!" Ukimwamini unapita, usipomwamini unakula moshi hadi Mugogo. Mama watoto ameifanya kazi hiyo tangu tuoane. Kwenye mbio za magari mtu kama yeye huitwa mwelekezi, huvaa kofia ngumu, na gari likishinda naye hupewa kombe.

Rwanda nako wanaendesha kulia, kwa hiyo aliendelea na zamu yake kwenye kona zote za msitu wa Nyungwe. Kisha tukavuka daraja la Rusumo, juu ya maporomoko ya mto Kagera, na upande wa Tanzania magari yote yakahamia kushoto. Ghafla gari letu likawa limefika kwao. Nikaona barabara nzima mbele yangu, kama mtu aliyebadilishiwa miwani. Mama watoto alitoa kichwa dirishani kwa mazoea, akakuta majani na mbuzi. Hadi Singida alikuwa amelala. Arusha aliamka, akasema gari hili lina ubaguzi, huku limemfuta kazi bila barua.

Safari Rally ilizaliwa kwa sababu mtu mmoja alichoshwa. Neil Vincent alikuwa mpenda magari wa Kenya ya wakoloni, na binamu yake, Eric Cecil, alikuwa akimshawishi aingie kwenye mashindano ya uwanja wa Langa Langa karibu na Gilgil. Vincent alijibu kwamba haoni raha ya kuzunguka kipande kilekile cha ardhi. Lakini wakiandaa shindano ambalo mtu anafunga mlango wa gari lake, anakwenda hadi nusu ya Afrika na kurudi, yeye atakuja. Mwishoni mwa Mei 1953 likafanyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, likapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa yaleyale ya dukani, na yalipangwa katika makundi kufuata bei yake. Kwingine Afrika pwani ilijengewa uwanja wa mzunguko hasa: East London, Afrika Kusini, magari ya Formula One yalizunguka kando ya Bahari ya Hindi, na ni hapo Graham Hill alipotwaa ubingwa wake wa kwanza wa dunia mwaka 1962. Huku kwetu mashariki pwani ilikuwa ni mahali pa kuteremkia, ukifika, kama umefika, kisha unageuza gari na kupanda tena.

Nasoma habari hizi kwa kupenda, lakini kuna kitu hukataa kunitoka. Mwaka ule wa 1953 Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Kulikuwa na watu wasioruhusiwa kutoka kijiji kimoja kwenda kingine bila karatasi, na wengine wakishindana nani atavuka nchi tatu upesi zaidi. Na babu yangu alikuwa kantoniye, mfanyakazi wa barabara. Chini ya Wabelgiji kila kijiji kilipewa kipande chake cha barabara ya kufyeka, kuchimbia mitaro na kujaza mashimo, utake usitake. Babu hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Aliijua barabara kwa jembe, na hadi uzeeni hakuweza kupita mtaro ulioziba bila kusimama na kuuzibua kwa fimbo.

Tuliingia Kenya kwa Taveta, siku ya soko. Ndizi! Zimerundikwa kila mahali, kwenye mikokoteni, kwenye vichwa, kwenye malori yaliyofunguliwa milango yote, na wanawake wanabishania bei kwa lugha nne kwa mpigo. Askari mmoja alisimama mbele ya namba zetu za Kongo, akazisoma mara mbili, akauliza kama tumekuja tukiendesha au tumelibeba. Nilimwambia Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, sisi ni ndugu. Akasema, "Karibuni, ndugu wa mbali." Mpaka huu ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, haukufunguliwa hadi 1983. Mbio zenyewe zilikuwa zimekwisha kujikunja kabla ya hapo: tangu 1974 Safari ikawa ya Kenya peke yake, wala haikuvuka tena.

Kutoka Taveta, kupita Maktau hadi Mwatate, ni lami safi, nyoofu, yenye mstari mweupe. Pembeni udongo ni mwekundu hadi tembo wa Tsavo wamechukua rangi yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa vumbi, nikapata barabara ya kusinzia. Hapa ndipo mkondo wa pwani wa Safari ulipopita miaka ile, magari yakishuka kuelekea Mombasa na kupinda kuingia vilima vya Taita, usiku, masika, Pasaka. Nilipunguza mwendo nikitafuta alama yoyote, hata kibao. Nilipitwa na basi la abiria lililopiga honi kwa dharau.

Vilima vya Taita vinainuka kutoka kwenye nyika ile kavu bila kuomba ruhusa. Ukianza kupanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, kona zinajikunja moja juu ya nyingine, kioo kinapata ukungu, na baada ya muda mfupi unafunga dirisha kwa baridi. Matuta ya mashamba yamekatwa kwenye miteremko, kabichi, mahindi, migomba, mikaratusi, moshi unapenya kwenye mapaa. Mama watoto alitazama kimya, kisha akasema, "Umetuzungusha kote huko ili uturudishe Walungu?" Kweli, ukiondoa lami, ningeweza kukuapia kwamba kona inayofuata ina kanisa la Burhale.

Mama mwenye nyumba ya wageni alitupakulia kimanga, muhogo uliopondwa pamoja na maharage hadi vikashikana, na mboga pembeni. Mama watoto alikula kwa mkono, polepole, kama mtu anayekagua. Uamuzi wake ulikuwa kwamba chakula ni kizuri, kinakosa mashanza tu. Ikabidi amweleze mwenyeji wetu mashanza ni nini, namna maziwa ya ng'ombe yanavyogandishwa na kuchujwa hadi yabaki mazito meupe, yanavyoliwa na bugali ya moto. Mwenyeji akasema huku ng'ombe wanakufa kiangazi kule chini nyikani. Wakaingia kwenye habari za mahari na bei za ng'ombe, nami nikatoka nje kutafuta mtu wa kuniambia habari za magari.

Nilielekezwa kwa mzee aliyekuwa makanika wa matrekta kwenye mashamba ya mkonge kule Mwatate. Nilimkuta amekaa juu ya tairi mbele ya karakana ya mwanawe. Nikamwamkia shikamoo kama nilivyofunzwa na Watanzania, huku nimeshika kiwiko kama tunavyofanya kwetu; akaniitikia marahaba na kunisogezea debe nikalie. Nilipotaja Safari, alivua kofia.

"Mwanangu, hiyo ilikuwa sikukuu kuliko Pasaka yenyewe. Tulikaa juu ya kingo toka alasiri, tuna mahindi ya kuchoma na mifuko ya plastiki ya kujifunika. Gari unalisikia kule bondeni, halafu taa zinapiga mawingu, halafu limekwisha pita, na wewe umejaa tope usoni unacheka."

Aliwajua wote. Joginder Singh, wao walimwita Simba, aliyeshinda 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo ambalo lilikwisha tumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, aliyeshinda mara tano. Alijua kwamba mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80 yakamaliza saba, na 1968 yakaanza zaidi ya 90 yakamaliza saba vilevile, na miaka yote miwili aliyeongoza ni Nick Nowicki kwa Peugeot 404. Viwanda vya Ulaya vilileta madereva wao mashuhuri na mafundi wao. Hadi 1972, Hannu Mikkola aliposhinda kwa Ford Escort, hakuna mgeni aliyelichukua kombe lile. Nilimuuliza kwa nini. Akaona swali ni la kitoto.

"Mgeni anaijua gari. Huyu wa hapa anaijua mvua."

Barabara hazikufungwa, alisema. Dereva angeweza kutokea kwenye kona akakuta ng'ombe, basi, au harusi. Na gari likikwama, wanakijiji ndio walioliinua. Yeye mwenyewe alilisukuma Datsun moja akiwa kijana, wakaliinua kama jeneza, dereva hakushukuru, hakuwa na muda. Alipiga gia na kuwaogesha wote. Mzee alilisimulia hilo kama mtu aliyebarikiwa na askofu.

"Na sasa?"

"Sasa ni lami. Nani atasimama juu ya kingo kutazama lami?" Mbio za ubingwa wa dunia zilirudi Kenya mwaka 2021, lakini ziko Naivasha, kwenye njia zilizofungwa, nyingi ndani ya mashamba makubwa. Wajukuu wake huzitazama kwenye simu. Akaguna. "Tope la zamani lilikuwa tope."

Nakiri hapo nilikasirika kidogo. Nimewahi kuona mjamzito akishushwa kwenye gari lililokwama na kubebwa kwa machela kwenda hospitali. Sikuwa tayari kusikia tope likiombolezwa. Nikamwambia mzee, kwa adabu, kwamba tope lipo kwetu tele, ajichotee. Hakukasirika. Aliuliza ni udongo wa namna gani: wa kichanga, au ule wa mfinyanzi unaoshika tairi likawa donati? Nikasema wa mfinyanzi. Akauliza tunaendesha na upepo kiasi gani kwenye tairi. Akauliza kama tunafunga minyororo. Alikuwa anauliza kama daktari, na nilipomaliza kumjibu alisimama akasema, "Twende. Kuna kipande hawajakiharibu."

Kukiharibu, maana yake kukitia lami.

Kipande chenyewe kilikuwa njia ya udongo inayozunguka bega la kilima, upana wa gari moja na mbuzi mmoja. Agosti haikuwa na tope, lakini masika yaliyopita yalikuwa yamechimba mfereji katikati, kina cha goti, ukijipinda kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mzee alikaa kushoto, kwenye kiti cha mama watoto, bila kuuliza. Mama watoto akaingia nyuma, akajishika.

"Gia ya pili. Usiguse klachi. Kona ya kulia, inafunga. Acha breki, acha breki, nimesema acha!" Alikuwa anasoma njia kwa kiganja, mkono juu ya dashibodi, vidole vikiinama kulia au kushoto kabla mdomo haujasema. Mfereji ulipovuka njia, mguu wangu ulifanya ulichofundishwa nyumbani: niliinua magurudumu ya kushoto juu ya mgongo wa udongo, ya kulia nikayaminya kwenye ukuta wa kilima, nikaliacha gari litembee limeinama, tumbo likipita juu ya shimo bila kugusa. Mawe mawili yalianguka bondeni na hatukuyasikia yakifika. Mzee alinyamaza. Kona ya pili nayo hivyohivyo. Ya tatu ilikuwa mbaya, nikasimama, nikashuka, nikajaza jiwe moja kwenye shimo, nikapanda tena.

"Hili umejifunzia wapi?"

"Burhale, mzee. Nyuma ya malori."

"Joginder alikuwa anashuka hivyohivyo kutazama," akasema. Sijui kama ni kweli. Nimewahi kusifiwa kanisani, harusini, na mara moja kazini, na sikumbuki sifa nyingine iliyonikaa namna ile. Ilichukua muda nikagundua kwamba ninatabasamu kwenye njia ambayo, kama ingekuwa kwetu, ningekuwa ninamlaani mbunge.

Kutoka Voi hadi Mombasa sitaieleza sana. Ndiyo sehemu iliyonitisha kuliko zote, na yote ni lami: malori yamepangana kama treni, mabasi yanayapita manne manne, na kila dereva ana hakika kwamba aliye mbele yake atampisha. Reli mpya, iliyofunguliwa 2017, inapita juu ya kichwa kwa utulivu. Mombasa tulikula mahamri na mbaazi asubuhi na viazi karai jioni, tukasimama chini ya kuta za Fort Jesus, na mama watoto, ambaye amekulia kando ya Ziwa Kivu na samaki wake wa sambaza, alionja maji ya bahari kwa kidole na kusema samaki wa hapa wanastahili pole. Baharini tulikaa siku nzima bila kuwasha gari. Ni kweli kuna raha ya kwenda mahali ambapo barabara imekwisha yenyewe.

Kurudi, tulisimama Mariakani kwa chai. Kibanda kilijaa madereva wa malori waliokuwa wanapanda bara, mikono yenye grisi, chapati mbili mbili. Mmoja aliona namba za gari letu akaja na kikombe chake kukaa nasi. Alikuwa amebeba kontena la Bukavu: vigae, alisema, na sabuni. Alizijua Malaba, Kampala, Gatuna, Kigali, na mteremko wa Rusizi kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo, kwa majina ya wauza chai. Aliuliza tumetembea huku kutafuta nini. Nilimweleza habari ya Safari Rally, ya mzee wa Wundanyi, ya njia zilizotiwa lami.

Alinisikiliza hadi mwisho, akichovya chapati.

"Kaka," akasema, "kutoka hapa mpaka daraja la Rusizi mimi nasinzia tu, ni lami. Ng'ambo ya daraja ndiyo rali inaanza. Nyinyi mmekuja kuitafuta huku?"

Mama watoto alicheka hadi akaweka kikombe chini. Kisha akamuuliza sabuni hiyo itauzwa bei gani ikifika Walungu, kwa sababu ya mwisho aliyonunua ilikuwa ghali mno, na yule dereva akaanza kumhesabia kwa vidole: ushuru, mafuta, bariyeri, lori dogo la kuhamishia mzigo, vijana wa kusukuma.